Uongozi unataka tuzime terminali za katalogi tubaki na wavuti tu, mliopitia hili naomba ushauri

mkutubi_wa_jioni:

Wakuu habari za saa hizi. Naomba ushauri kwa wakutubi wenzangu na watu wa mitambo mliowahi kupitia hili jambo, maana mi nalala naliwaza naamka naliwaza.

Maktaba yetu bado inatumia katalogi ya terminali. Ile skrini nyeusi maandishi ya kijani, mistari 24, herufi 80 kwa mstari, unaandika a= halafu jina la mwandishi, t= kwa jina la kitabu, s= kwa mada, unabonyeza Enter na jibu limeshafika kabla hujanyanyua kidole. Mashine zenyewe za zamani zilishakufa, siku hizi ni kompyuta za kawaida zinaigiza VT100, terminali ya zamani, na kuingia kwenye seva kwa telneti, njia ya zamani ya kuunganisha kompyuta kwa maandishi, ila anachokiona msomaji ni kilekile cha miaka yote. Katalogi ya wavuti nayo ipo, iliwekwa kwa ajili ya watu walio nje ya jengo, sisi wa ndani hatukuwahi kuitegemea. Sasa tumetangaziwa kwamba mwisho wa muhula telneti inafungwa na kila kitu kinaenda kwenye brauza, wasomaji na dawati la kuazimisha wote kwa mpigo.

Sipingi kuhama, hilo niliweke wazi. Wasomaji wapya wakiikuta ile skrini wanashika kipanya wanatafuta pa kukliki, hakuna, wanaondoka bila kuuliza na hicho ndo kinaniuma. Ila kuna mambo yananitia wasiwasi. Wenzangu wa dawati wanaenda kwa kasi sana kwenye kibodi, foleni ikijaa hawaangalii hata skrini. Halafu tuna msomaji mmoja asiyeona ambaye miaka yote anatumia terminali peke yake bila kuhitaji mtu, sitaki tumfungie mlango. Na kubwa zaidi ni hili, nikitafuta kitu kilekile sehemu zote mbili majibu hayalingani. Juzi nimeweka jina la mwandishi mmoja, terminali ikanipa orodha ya majina kwa alfabeti na idadi ya vitabu pembeni, yeye ana 31. Wavuti ikanipa 214 humo ndani vingine vimeandikwa KUHUSU yeye, vingine amevitaja mtu kwenye maelezo tu, na kuna vitabu vyake viwili ambavyo nina hakika viko rafuni sikuviona kabisa kwenye kurasa za mwanzo. Rekodi si ni zilezile? Seva si ni ileile? Inakuwaje?

Kwa hiyo maswali yangu ni tuzime siku moja au tuendeshe zote mbili kwa muda, na kabla ya kuzima nikague nini. Natanguliza shukrani.

---

droo_ya_kadi:

Mwanangu nianze na hilo la majibu kutolingana kwa sababu ukilielewa hilo mengine yote yatakaa sawa.

Nimefanya kazi ya kuorodhesha vitabu tangu enzi za kadi, zile za sentimita 7.5 kwa 12.5. Terminali yako kwa ndani ni ile droo ya kadi. Ukiandika a= na jina, haitafuti, INAFUNGUA DROO mahali ambapo jina hilo lingekaa kwa alfabeti halafu inakuonyesha waliotangulia na wanaofuata. Ndo maana hata ukikosea herufi ya mwisho bado unaangukia jirani na unachokitaka, unapandisha macho mistari miwili unakiona. Wavuti haina droo. Yenyewe inachukua maneno uliyoandika, inayasaka kila mahali kwenye rekodi, jina, mada, maelezo, muhtasari, kisha inapanga kwa kile inachodhani kina uzito zaidi. Rekodi zilezile kweli lakini swali ulilouliza si lile tena. 31 ilikuwa jibu la "amevitunga vingapi", 214 ni jibu la "jina hili limetokea wapi na wapi".

Sasa sikiliza la muhimu. Droo inaonyesha uchafu, wavuti inauficha. Kama mwandishi ameingizwa kwa tahajia mbili, mmoja ana mwaka wa kuzaliwa mwingine hana, kwenye terminali hao wawili wanakaa mstari kwa mstari, hata msomaji wa kawaida anaona kuna 28 hapa na 3 pale. Kwenye wavuti wale 3 wanazama ukurasa wa kumi na hakuna atakayejua walikuwepo. Nina hakika vile vitabu vyako viwili vimepotea kwa namna hiyo, kafungue rekodi zake uangalie fildi ya 100, ile ya jina la mwandishi, imeandikwaje.

Na jambo lingine ambalo wengi hawalikumbuki, fildi 245 ya jina la kitabu ina kiashiria cha pili kinachosema ruka herufi ngapi wakati wa kupanga. Kitabu kikianza na The wanaweka 4, herufi tatu na nafasi. Aliyeingiza akiacha 0 kitabu kinaenda kukaa kwenye T na kwenye terminali kinaonekana kimepotea, wasomaji wanalalamika, unarekebisha. Kwenye wavuti kinapatikana tu kwa sababu maneno yapo, hakuna anayelalamika, kosa linaishi. Mpaka siku mtu anataka orodha iliyopangwa kwa majina ndo linaibuka na mengine elfu moja.

Kwa hiyo kabla droo haijafungwa, itumie. Toa orodha nzima ya majina ya waandishi na orodha ya mada kutoka kwenye indeksi ya terminali, kaa nayo, pitia walio jirani wanaofanana. Hiyo kazi ukiifanya leo ni ya macho tu. Ukisubiri terminali izimwe utaifanya kwa kubahatisha. Na umuulize anayetengeneza katalogi ya wavuti kama ina ukurasa wa kuvinjari kwa alfabeti na kama zile rejea za "angalia" na "angalia pia" za faili la majina sanifu, zinazomwelekeza mtu kutoka jina moja kwenda jingine, zinaonekana humo. Katalogi nyingi za wavuti zinaweza, ila mtu alizizima akiona hazina mvuto. Usikubali.

---

mtu_wa_seva:

Nakubaliana na mzee hapo juu, mi niongelee upande wa waya.

Telneti ifungwe, hapo sina mjadala. Kila kinachopita kwenye telneti kinapita wazi, namba ya kadi ya msomaji, namba yake ya siri, paswadi ya mfanyakazi anayeweza kufuta rekodi, vyote vinasomeka na yeyote aliyekaa katikati ya mtandao wenu. Uongozi wenu hapo uko sahihi hata kama hawakueleza hivyo. Lakini kufunga telneti SI kufunga skrini ya maandishi, watu wanachanganya hivi vitu viwili. SSH ipo tangu 1995, skrini ileile ya kijani inaweza kupita humo ikiwa imefichwa, kwa hiyo kama dawati wanahitaji miezi michache ya kuzoea wape kwa SSH, wasomaji wahamie brauza, kisha mlango namba 23, ule wa telneti, ufungwe.

Pili kabla hujazima chochote kaa wiki mbili uangalie nani anaingia kwenye seva na kwa mlango gani. Nasema hivi kwa sababu imenitokea. Tulizima usiku tukafurahi, asubuhi mashine za wasomaji kujiazimia wenyewe zimekufa zote, kumbe nazo zilikuwa zinaingia kwa telneti zinaandika jina na paswadi kama mtu halafu ndo zinaanza kuongea SIP2, lugha ya mashine hizo na seva. Hakuna aliyeandika mahali popote. Na kulikuwa na skripti ya usiku ya kutoa orodha ya waliochelewesha vitabu, ilikuwa inabonyeza vitufe vya kwenye menyu kana kwamba ni binadamu, nayo ikanyamaza, tulikuja kujua baada ya siku kadhaa pale watu walipoanza kushangaa mbona hawapati taarifa. Vitu kama hivyo huwezi kuviona kwa kuuliza watu, unaviona kwa kuangalia miunganisho.

Tatu, tofauti kubwa ambayo msomaji haioni lakini itamgusa. Terminali inakumbuka, ukiunganika seva inajua uko ukurasa gani na umetafuta nini mpaka utoke. Wavuti kwa asili haikumbuki, kila ombi linakuja kama mgeni mpya, kwa hiyo lazima sesheni, yaani kumbukumbu ya ulichokuwa unafanya, ibebwe mahali. Katalogi za wavuti za miaka ya tisini nyingi ziliweka namba ya sesheni ndani ya anwani yenyewe, mwalimu ananakili linki anaiweka kwenye orodha ya vitabu vya somo, wanafunzi wanafungua kesho yake wanaambiwa sesheni imekwisha. Kama ya kwenu nayo iliwekwa zamani fanya jaribio hili, fungua kitabu chochote, nakili anwani, nenda kompyuta nyingine kesho yake uifungue. Ikikataa hiyo katalogi haiko tayari kubeba mzigo, kila rekodi inatakiwa iwe na anwani yake ya kudumu. Hilo ndo jambo ambalo terminali haikuwahi kuweza na ndo faida kubwa kuliko zote za wavuti, sasa ukihama bila kulipata umehama kwa ajili ya rangi.

Na kompyuta za ndani ya maktaba, tafadhali sana. Terminali mtu akiondoka baada ya dakika chache inarudi skrini ya kwanza, imeisha. Brauza ukiiacha ilivyo anayekuja anabonyeza kurudi nyuma anaona mwenzake ameazima nini. Weka brauza ijifute yenyewe mtu akikaa kimya muda fulani, historia, kuki na kila kitu. Alichosoma mtu ni siri yake.

---

masikio_yanaona:

Mi ni mmoja wa hao wasomaji mnaowazungumzia, sioni, natumia programu ya kusoma skrini kila siku kwa hiyo naomba nisemee hili mwenyewe.

Ni kweli terminali ina utulivu wake. Mstari wa tatu ni mstari wa tatu siku zote, hakuna kitu kinachoruka kuja katikati, na vidole vinajua njia. Ila msifikiri kwamba ni pepo. Kila nikibonyeza kitufe skrini nzima inachorwa upya na naanza kusomewa kuanzia juu, jina la maktaba, menyu, mstari wa nyota, ndo nifike kwenye kitabu. Wavuti iliyotengenezwa vizuri ni bora kuliko hapo, tena kwa mbali. Kwenye programu hizo, NVDA au JAWS, nabonyeza H naruka kichwa hadi kichwa, F inanipeleka kwenye kisanduku cha kuandikia, kama kila kitabu kwenye majibu ni kichwa cha habari basi napita vitabu ishirini kwa sekunde chache. Hiyo terminali haiwezi.

Shida ni pale isipotengenezwa vizuri. Kinachonitesa zaidi kuliko vyote ni zile chujio za pembeni, mwaka, lugha, aina, tawi, mada. Kwa mwenye macho ziko kushoto hazimsumbui, kwangu mi zinasomwa KWANZA, nasikia linki sitini na zaidi kabla ya kitabu cha kwanza, na nikitafuta upya naanza upya. Dawa yake ni ndogo, ama majibu yatangulie kwenye mpangilio wa ukurasa ama pawe na linki ya kuruka kwenda kwenye majibu. Kingine ni hali ya kitabu kuonyeshwa kwa rangi peke yake, kijani kipo chekundu kimetoka, mi nasikia jina la tawi basi, sijui kipo au hakipo. Picha za majalada zisizo na maelezo, nasomewa jina la faili refu la namba. Na kutolewa kwenye akaunti kimyakimya, naendelea kuandika kumbe nilishatolewa zamani. Mambo haya yote yamo kwenye WCAG 2.0, mwongozo wa kufanya wavuti itumike na watu wenye ulemavu, wa tangu 2008, hakuna jipya ninaloomba hapa.

Nikuombe kitu mkutubi. Usimwachie huyo msomaji wako terminali moja kwenye kona kama kumbukumbu. Hiyo kompyuta ikiharibika mara moja hakuna atakayeitengeneza na yeye atakuwa amebaki peke yake. Mwite sasa hivi kabla hamjaamua, mkae wote wawili mbele ya katalogi ya wavuti, mpe kazi ya kutafuta kitabu, kuona kama kipo, kukiwekea oda, na wewe nyamaza usimsaidie. Atakapokwama ndipo pa kurekebisha.

---

zamu_ya_dawati:

Niseme kuhusu dawati maana ndiko niliko. Sisi tulihama, nilikuwa wa kwanza kupinga na nilipinga kwa sauti.

Kasi ilishuka wiki za mwanzo hilo msifichane. Ila tatizo halikuwa wavuti kwa ujumla wake, lilikuwa vitu vidogo viwili vitatu ambavyo hakuna aliyevifikiria. Skana ya bakodi kwa kompyuta ni kibodi tu, inaandika namba na kubonyeza Enter. Kwenye terminali kishale kiko sehemu moja siku zote. Kwenye brauza ukishakliki popote pembeni kishale kimetoka kwenye kisanduku, unaskani vitabu vitano vinapiga mlio vizuri na HAKUNA kilichoingia. Au kimetokea kidirisha cha onyo, kitabu kina oda ya mtu, ile Enter ya skana ya kitabu kinachofuata inajibu lile onyo kwa niaba yako. Tulirudisha vitabu rafuni ambavyo watu walikuwa wanavisubiri kwa sababu hiyo. Kwa hiyo jaribuni na skana halisi na rundo la vitabu halisi, msijaribu kwa kuandika namba kwa mkono mkaridhika.

Risiti nazo. Terminali ilikuwa inatuma moja kwa moja kwenye printa, brauza kila mara inakufungulia dirisha ikuulize printa gani. Chrome ukiiwasha na --kiosk-printing inachapa bila kuuliza, Firefox kuna print.always_print_silent kwenye mipangilio ya ndani. Hilo peke yake lilirudisha amani dawatini.

Na vitufe vya mkato ulizia mapema. Sisi tuko kwenye Koha, mfumo wa kuendesha maktaba, Alt+U ni kuazimisha, Alt+R kurudisha, Alt+Q kutafuta katalogi, tulivibandika kwenye karatasi mbele ya kila mtu na baada ya mwezi wenzangu walewale walioandika bila kuangalia skrini walikuwa wanafanya hivyohivyo. Kwa wasioijua, Koha ilianzia kwenye maktaba za Horowhenua kule New Zealand, mfumo wao wa zamani usingevuka mwaka 2000 ikabidi watengenezewe mpya, ukatengenezwa kwa ajili ya brauza na wakauachia huru watu wote wautumie. Maktaba ndogo tu. Mi hiyo habari ndiyo iliyonilegeza, nikaona kumbe wavuti si kitu cha wakubwa kutushushia, kuna wakutubi kama sisi waliobanwa na tarehe wakachagua hivyo wenyewe.

---

mkutubi_wa_jioni:

Shikamoo mzee droo_ya_kadi, umepatia kabisa. Nimefungua zile rekodi mbili, jina limeingizwa bila mwaka na herufi moja tofauti, kwenye terminali wako mstari unaofuata na miaka yote tulikuwa tunawaona tunajua ni yeye, hatukuwahi kurekebisha kwa sababu macho yalikuwa yanaziba hilo pengo.

mtu_wa_seva nimefanya jaribio la linki. Imekataa. Anwani ina kamba ndefu ya namba na asubuhi ikasema sesheni imekwisha kama ulivyosema. Nimeipiga picha nimeipeleka juu.

Sasa kuna jingine limeibuka nikiwa napitia orodha. Majina yenye alama juu ya herufi, ya Kifaransa, ya Kijerumani, ya Kiarabu yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini, kwenye terminali tulizoea kuyaona hayana alama kabisa, kumbe kwenye wavuti yanatoka vitu vya ajabu, herufi ngeni katikati ya jina, na ukitafuta jina kwa tahajia sahihi hupati. Je hiyo ni wavuti imeharibu au rekodi ndo mbovu?

---

mtu_wa_seva:

Hapana, rekodi zako si mbovu, zinaongea lugha ya zamani. Kuna uwezekano mkubwa ziko kwenye MARC-8, usimbaji wa zamani wa herufi za rekodi za maktaba, na wavuti inazisoma kana kwamba ni UTF-8, ule wa kisasa wa Unicode. Fungua rekodi angalia kiongozi, ile kamba ya mwanzo ya herufi 24, nafasi ya 9 kuhesabu kuanzia sifuri. Ikiwa wazi ni MARC-8, ikiwa na a ni Unicode. Na ubaya wake ni kwamba kwenye MARC-8 alama inatangulia herufi yake, kwenye Unicode ile alama ya kuunganisha inakuja BAADA ya herufi, kwa hiyo ukibadilisha bila kugeuza mpangilio huo alama inaangukia herufi ya jirani.

Usije ukafungua faili kwenye kihariri cha maandishi ukaanza kubadilisha kwa mkono, nakuomba. Faili la MARC, muundo wa rekodi za maktaba, lina urefu wa kila rekodi umeandikwa mwanzoni kwa baiti, na ndani kuna saraka inayosema kila fildi inaanzia wapi, ukibadilisha herufi moja ya baiti moja ikawa mbili kila kitu kinachofuata kimesogea. Tumia programu ya yaz-marcdump, hivi:

yaz-marcdump -f marc-8 -t utf-8 -o marc -l 9=97 zamani.mrc > mpya.mrc

Ile 9=97 inaandika a kwenye nafasi ya 9 ili mfumo ujue zimebadilika. Au MarcEdit kama unapenda madirisha. Ila kwanza zihesabu rekodi kabla na baada, na chukua hamsini zenye majina magumu uzisome kwa macho yako. Tahadhari moja, maktaba nyingi zina mchanganyiko, nyingine zilishabadilishwa na mtu miaka iliyopita, nyingine zinadai ni Unicode kwenye kiongozi na si kweli. Zitenganishe kwanza ndo ubadilishe, ukibadilisha iliyokwishabadilishwa unaiharibu mara mbili. Na bakap, ya faili zima, mahali pengine kabisa.

---

droo_ya_kadi:

Marahaba mwanangu.

Niongeze hapo kwenye alama. Hizo terminali zilikuwa zinazidondosha kwa sababu skrini haikuweza kuzionyesha, sio kwamba hazikuwepo. Tuliziingiza kwa taabu sana, kila alama ilikuwa na kitufe chake, wengine waliona tunapoteza muda kwa kitu ambacho hakuna atakayekiona. Nafurahi kusikia bado zimo. Ukizibadilisha salama msomaji atayaona majina ya watu yalivyo kwa mara ya kwanza katika maktaba yako, mi hilo peke yake lingenitosha kuhama.

---

mkutubi_wa_jioni:

Wakuu nimerudi, zimepita wiki tatu. Niwape mrejesho maana mnanidai shukrani.

Msomaji wetu nilimwita kama dada masikio_yanaona alivyosema, tulikaa saa moja na nusu. Nilijizuia nisimsaidie, ilikuwa ngumu kweli. Alikwama palepale kwenye chujio, alihesabu linki 73 kabla ya kitabu cha kwanza. Mtu wetu wa mitambo alikuwa amesimama nyuma anasikiliza ile sauti ikisoma linki moja baada ya nyingine na kabla ya jioni akawa ameshasogeza majibu mbele. Siku iliyofuata msomaji akapata kitabu ndani ya dakika moja, akauliza kama anaweza kufanya hivi akiwa nyumbani, nikamwambia ndiyo, akakaa kimya kidogo. Miaka yote alikuwa anakuja mpaka maktaba kuuliza tu kama kitabu kipo.

Orodha ya waandishi tumefika herufi M. Tumeunganisha majina 412 mpaka sasa na kila siku yanaongezeka, tunafanya kwa zamu wakati wa utulivu. Rekodi za MARC-8 tumezitenganisha, kweli zilikuwa mchanganyiko, za kundi la kwanza zimebadilika salama na hesabu imelingana, la pili bado linatusumbua kidogo.

Uongozi nao wamesikia baada ya kuona ile picha ya linki iliyokufa. Telneti imefungwa kwa wasomaji tayari, dawati wamepewa SSH mpaka muhula ujao, na katalogi ya wavuti haitakuwa ile ya zamani, inawekwa mpya yenye anwani ya kudumu kwa kila rekodi na kuvinjari kwa alfabeti kumeandikwa kwenye masharti. Mashine za kujiazimia tulizikuta nazo ziko kwenye telneti, mtu_wa_seva bila wewe tungeamka nazo zimekufa.

Swali la mwisho kwa zamu_ya_dawati, lile onyo linalomezwa na Enter ya skana mlilitatuaje? Tumejaribu jana na rundo la vitabu thelathini, viwili kati yake vimetupita.

---

zamu_ya_dawati:

Tuliomba onyo la oda lisiwe na kitufe kilichochaguliwa tayari, Enter ikija isipate cha kubonyeza, mpaka mtu akliki mwenyewe. Na tukaweka mlio tofauti kabisa, mzito, ili mkono usimame hata kama macho yako kwa msomaji. Kama mfumo wenu haukubali hilo la kwanza basi anzeni na mlio, hata wenyewe peke yake unasaidia sana. Halafu rudieni lile rundo la thelathini na mtu mwingine dawatini, asiwe yule aliyejaribu jana.